Mkemia ana h ya 48. Maana yake nini?

Ukifungua wasifu wa mwanasayansi kwenye Google Scholar, jicho huvutwa na kisanduku kidogo pembeni chenye mistari mitatu: jumla ya marejeleo, fahirisi ya h na fahirisi ya i10 (hizi mbili za mwisho tutazihesabu kwa mkono huko mbele). Tuseme mwenye wasifu ni mkemia wa oganometali, na kisanduku kinasema marejeleo 9,000, h 48. Mara nyingi hukumu hutoka hapo hapo. Kamati ya ajira humlinganisha na mwenzake mwenye h 31, mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu huamua abishe hodi kwa nani, na mfadhili huamua fedha ziende wapi. Makala zenyewe hakuna aliyezifungua.

Siamini kwamba namba hizo ni bure. Zimebeba habari nyingi, ila habari hizo hupotea mtu akizisoma bila kujua kemia iliyozizaa. Rejeleo ni kumbukumbu ya matumizi: mtu fulani, mahali fulani, alihitaji kitu kilichomo katika makala ile. Alihitaji nini hasa? Katika tawi hili la kemia jibu laweza kuwa wazo, msombo, mbinu, programu ya kompyuta, au orodha tu ya kazi za wengine, na mashine ya kuhesabu huyatia yote kapu moja.

Kazi inayozaa makala

Kemia ya oganometali hushughulika na misombo ambayo ndani yake atomi ya metali imeungana moja kwa moja na kaboni. Tangu miaka ya 1820, William Christopher Zeise wa Copenhagen alishapata chumvi ya njano ya platini iliyobeba ethilini, na watu wa zama zake wakabaki wakibishana inawezekanaje. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake wakatangaza kwamba nikeli ikikutana na kaboni monoksidi hutoa msombo unaogeuka mvuke kwa urahisi, na ugunduzi huo ukawa njia ya kiwandani ya kusafisha nikeli. Mwaka 1900 Victor Grignard akaja na vitendanishi vyake vya magnesi. Tuzo za Nobel za kemia za 1912, 1963, 1973, 2001, 2005 na 2010 zote zina mkono wa tawi hili, kwa kuwa ndilo linalotoa vichocheo vingi vya kutengenezea plastiki na dawa.

Anayetaka kuhesabu makala za mkemia wa aina hii ajue kwanza zinavyopatikana. Misombo mingi ya namna hii haivumilii hewa wala unyevu. Kazi hufanyika ndani ya mirija na chupa zilizojazwa naitrojeni au agoni, viyeyushi vikiwa vimekaushwa kabisa, na kosa dogo la kizibo laweza kugeuza kazi ya wiki nzima kuwa tope la kahawia. Mmenyuko ukifaulu, inabaki kuthibitisha kilichopatikana ni nini, na hapo ndipo fuwele inapohitajika. Msombo huyeyushwa kwenye diklorometheni ndani ya kichupa chembamba. Juu yake humiminwa heksani, tone kwa tone ubavuni mwa kioo, bila kutikisa, mpaka vimiminika vikae tabaka mbili. Kisha kichupa huwekwa mahali patulivu. Siku kwa siku tabaka huingiana, na kwenye mpaka wake, baada ya siku tatu au wiki tatu, huanza kumetameta chembe ndogo kuliko punje ya chumvi. Au hazitokei kabisa, na mtu anaanza upya na kiyeyushi kingine. Chembe nzuri moja ikipatikana hupigwa eksirei, na mahali pa kila atomi panajulikana.

Kwa hiyo mtu anayetengeneza misombo hutoa makala chache kwa mwaka, hata akiwa hodari. Aliye kwenye mashine ya eksirei yuko upande mwingine wa mto. Yuri Struchkov, mtaalamu wa fuwele katika taasisi ya Moscow inayoshughulikia misombo ya namna hii, alihesabiwa makala 948 kati ya 1981 na 1990, yaani moja kila baada ya siku nne hivi. Kwa hesabu hiyo alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 1992. Mimi siuoni mzaha. Fuwele za maabara nyingi zilipita kwenye mashine zake, na kila muundo uliotatuliwa ulikuwa sehemu halisi ya makala iliyotoka. Ukimweka kwenye mizani moja na mkemia aliyehangaika na kichocheo kimoja kwa miaka mitano, umelinganisha kazi mbili zisizofanana, ingawa zote zinaitwa makala.

Lipo pia suala la kukata nyama vipande. Mtafiti ana familia moja ya misombo, ligandi (kipande kinachoishika metali) ikibadilika kidogo kidogo: mara ina methili, mara ethili, mara fenili. Anaweza kuikusanya yote katika makala moja nzito, au kuitoa katika makala nne nyepesi. Sayansi ni ileile. Idadi imezidishwa mara nne. Hakuna fahirisi itakayokuonyesha hilo. Majina ya makala yakipangwa kwa mfuatano ndiyo yatakayokuonyesha.

Kurejelewa, na kutorejelewa

Mtindo wa kufuatilia nani kamrejelea nani kwa sayansi nzima ulianzishwa na Eugene Garfield, aliyetoa hoja yake katika jarida la Science mwaka 1955, kisha akajenga faharasa yake huko Philadelphia katika miaka ya 1960. Watu wachache hukumbuka kwamba Garfield alianzia kwenye kemia. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya kemia, na tasnifu yake ya uzamivu ya 1961 ilihusu namna ya kugeuza majina ya misombo kuwa fomula kwa kanuni za mashine. Alitaka chombo cha kutafutia maandiko: ukiwa na makala moja nzuri, uweze kuzipata zote zilizoitumia baadaye. Kuwapima watu kulikuja baadaye, na chombo hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Tazama kisa cha feroseni, msombo ulioamsha tawi zima. Mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, Peter Pauson na mwanafunzi wake Thomas Kealy walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Walitaka kuunganisha pete mbili za kaboni tano tano, wakachanganya kitendanishi cha Grignard na kloridi ya chuma. Wakapata fuwele za rangi ya chungwa zenye chuma ndani yake, imara ajabu, zisizojali hewa. Makala yao ikatoka katika Nature mwezi Desemba mwaka huo. Muundo waliouchora haukuwa sahihi: walikiweka chuma katikati, kikiwa kimeshikwa na kaboni moja moja ya kila pete. Mwaka uliofuata Geoffrey Wilkinson na Robert Woodward pamoja na wenzao huko Harvard, na Ernst Otto Fischer huko Munich, kila upande kwa njia yake, wakafikia muundo wa sandwichi: pete mbili zimelala sambamba, chuma kiko kati, na kaboni zote kumi zinakishika kwa usawa. Fischer na Wilkinson wakapata Nobel mwaka 1973. Na kumbe Samuel Miller, John Tebboth na John Tremaine walikuwa wameupata msombo huohuo mapema zaidi, wakaiwasilisha makala yao kabla ya Kealy na Pauson, ila yao ikachapishwa 1952.

Sasa mtu anayetumia feroseni leo amrejelee nani? Akiandika historia, atawataja Kealy na Pauson, ambao mchoro wao ulikuwa na kosa. Akizungumzia muundo, atataja kundi la Harvard au Fischer. Miller na wenzake hutajwa na wachache. Na walio wengi hawamtaji yeyote, kwa sababu feroseni hununuliwa ikiwa ndani ya chupa, kama kemikali nyingine yoyote. Mwanasosholojia Robert K. Merton alilieleza jambo hili vizuri: wazo likishamezwa na fani, jina la mwenye wazo huacha kuandikwa. Maelfu ya maabara hutengeneza kitendanishi cha Grignard kila siku na hakuna anayeweka makala ya 1900 kwenye orodha ya marejeleo. Aliyefaulu kupita kiasi hupotea kwenye hesabu.

Upande wa pili wako wanaorejelewa kupita matarajio. Norio Miyaura na Akira Suzuki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walichapisha mwaka 1979 mmenyuko wa kuunganisha kaboni na kaboni kwa kutumia misombo ya boroni na kichocheo cha paladi. Hiyo ndiyo kazi iliyompa Suzuki Nobel ya 2010. Lakini rejeleo ambalo wengi huliweka ni makala ya mapitio waliyoiandika 1995 katika Chemical Reviews, ambayo imeshapita marejeleo 10,000. Ni rahisi kuona sababu: mapitio yanakusanya kila kitu mahali pamoja, na mwandishi mwenye haraka akiitaja hiyo moja amemaliza. Ukikuta mkemia ambaye nusu ya marejeleo yake yanatoka kwenye mapitio mawili, usimdharau, maana mapitio mazuri ni kazi ngumu. Ila jua kwamba unahesabu msaada aliowapa wasomaji. Uvumbuzi wake wa maabara utafute mahali pengine.

Mmenyuko huohuo umeingia viwandani, katika kutengeneza losartani, dawa ya shinikizo la damu, na boskalidi, dawa ya kuua kuvu kwenye mimea. Kiwanda kinachozalisha tani na tani hakiandiki makala, hivyo matumizi hayo makubwa hayaongezi rejeleo hata moja. Suzuki hakuchukua hataza ya mmenyuko ule, na hilo lilirahisisha kuenea kwake.

Kisha zipo zana. Mwaka 2008 George Sheldrick wa Göttingen alichapisha makala fupi kuhusu historia ya SHELX, programu zake za kutatua miundo ya fuwele, akapendekeza watumiaji wairejelee hiyo. Wakafanya hivyo, maana karibu kila maabara ya oganometali ilikuwa ikizitumia. Jarida lililoichapisha, Acta Crystallographica sehemu A, likapanda kwa kipimo cha athari kutoka takriban 2 hadi takriban 50 katika hesabu ya mwaka 2009. Kipimo hicho huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa vitu vilivyochapishwa katika miaka miwili iliyotangulia, kisha huyagawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Makala ya Sheldrick ilipotoka kwenye dirisha la miaka miwili, jarida likarudi palepale kwenye 2 hivi. Aliyechapisha makala ya kawaida humo mwaka 2008 aliweza kujisifu kwamba yumo kwenye jarida lenye kipimo cha 50, wakati makala yake haikubadilika hata herufi moja. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kwa nini kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu. Tamko la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotangazwa 2013, linasisitiza jambo hilohilo.

Fahirisi ya h, kwa mkono

Fahirisi ya h ililetwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtu ana h ya 8 ikiwa makala zake 8 zimerejelewa angalau mara 8 kila moja, na hawezi kufikisha 9 kwa namna hiyohiyo. Tuifanye kwa mkono. Chukua mkemia wa kubuni mwenye makala kumi na moja, zikipangwa kuanzia inayorejelewa zaidi: 412, 96, 61, 40, 33, 21, 14, 9, 8, 8, 3. Shuka ukihesabu. Ya saba ina 14, inapita. Ya nane ina 9, inapita. Ya tisa ina 8, haifiki 9. Basi h ni 8. Fahirisi ya i10, yaani idadi ya makala zilizorejelewa mara 10 au zaidi, ni 7.

Angalia sasa ile 412. Ingekuwa 50, h ingebaki 8. Ingekuwa 40,000, h ingebaki 8. Fahirisi hii imeundwa ili makala moja kubwa isiibebe hesabu nzima, na hilo lina faida yake dhidi ya bahati. Lakini katika kemia ya oganometali makala moja kubwa mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1968 Richard Heck, akiwa peke yake kwenye mstari wa waandishi, alichapisha mfululizo wa makala saba katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani kuhusu paladi na kaboni. Kazi hiyo ilikuwa mlango wa mmenyuko unaobeba jina lake, na naye alikuwa kwenye Nobel ya 2010. Kwa makala hizo saba peke yake, h haiwezi kuzidi 7, hata kila moja ikirejelewa mara elfu kumi. Hirsch mwenyewe baadaye aliandika kwa uchungu kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

h pia haishuki kamwe. Hupanda kwa umri tu, hata mtu akiwa amestaafu, kwa hiyo kumlinganisha mwenye miaka 12 ya kazi na mwenye miaka 35 kwa h zao ni kuwapima kwa kalenda.

Na kuna kazi zinazolala. Mwaka 1968 Hans-Werner Wanzlick na Karl Öfele, kila mmoja kwake, walichapisha misombo ya metali iliyobeba kabeni (molekuli zenye kaboni iliyoungana na atomi mbili tu) zenye naitrojeni ndani ya pete. Kwa miaka zaidi ya 20 hilo lilibaki jambo la wachache. Mwaka 1991 Anthony Arduengo akatenga kabeni ya namna hiyo ikiwa fuwele, peke yake, bila metali. Watu wakashtuka. Mwaka 1999 ligandi za aina hiyo zikaingia kwenye vichocheo vya kizazi cha pili vya Robert Grubbs, na tangu hapo ni vigumu kufungua jarida la fani hii usizikute. Tathmini ya kila miaka mitano ingeiita kazi ya 1968 haina athari.

Kujirejelea kunahitaji uangalifu wa pekee hapa. Mtu aliyejenga ligandi yake miaka ishirini iliyopita na bado anaijaribu kwenye metali mpya hana budi kutaja makala zake za awali, kwa kuwa njia ya kuitengeneza imo humo. Hilo ni halali. Kinachostahili kuangaliwa ni kinachobaki ukiyatoa marejeleo hayo: kama ligandi ile inatumiwa na maabara nyingine, zisizo na wanafunzi wake wa zamani, utaiona wazi.

Mambo mengine ni ya kiufundi. Google Scholar huhesabu tasnifu na maandiko mengi ya mtandaoni, hifadhidata za Web of Science na Scopus huchagua majarida, kwa hiyo mtu mmoja huwa na h tatu tofauti siku moja. Majina yanayofanana huchanganywa, na aliyebadilisha jina hugawanyika mara mbili, ndiyo maana namba ya ORCID, ya kumtambulisha kila mtafiti peke yake, ilianzishwa 2012. Vipo pia vipimo vinavyolinganisha makala na wastani wa fani yake, ambapo 1.0 ni wastani wa dunia na 1.5 ni asilimia 50 juu yake. Hivyo ni bora zaidi, lakini mara nyingi fani huamuliwa kwa jarida: kazi ileile ikitoka katika Organometallics itahesabiwa kwa wastani wa kemia isokaboni, ikitoka katika jarida la jumla itashindana na kila kitu.

Palipo na marejeleo mengi, usahihi haujathibitishwa bado. Mwaka 2003 lilitoka dai kwamba mmenyuko wa Suzuki unaweza kwenda bila metali yoyote, na fani nzima ikageuza shingo. Mwaka 2005 kundi lilelile likachapisha jibu: kabonati ya sodiamu waliyoinunua dukani ilikuwa na paladi kiasi cha sehemu 50 kwa bilioni, na chembe hizo zilitosha kuendesha mmenyuko. Nawaheshimu sana kwa makala ile ya pili. Kwenye kisanduku cha pembeni, makala zote mbili huongeza namba kwa namna moja.

Nikipewa orodha ya mkemia, huchagua makala tatu: inayorejelewa kuliko zote, moja ya kati iliyopita miaka kumi, na moja mpya. Kisha nazifungua makala zilizoirejelea ile ya kati na kutafuta mahali namba ya rejeleo ilipokaa. Ikiwa iko kwenye utangulizi, ndani ya furushi la 3 hadi 17, mwandishi alikuwa akipita tu. Ikiwa iko kwenye sehemu ya majaribio, baada ya maneno kama "msombo 2 ulitengenezwa kwa njia iliyochapishwa awali", nasimama hapo. Kuna maabara nyingine, yenye mikono mingine, iliyopima unga uleule, ikafungulia naitrojeni, ikafuata maelekezo yale hatua kwa hatua, na fuwele zikatoka.